Mama aliyekataa kabila ya muuaji wa mwanawe itajwe: niliyoyaona River Road

Sasa wakuu. Natumai mko poa popote mlipo.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma, nacheka, naenda zangu. Lakini juzi kulikuwa na ule uzi mrefu mkibishana kama vyombo vya habari vinafaa kutaja dini na kabila ya mtu akifanya uhalifu. Nilisoma comments zote mpaka mwisho. Kila mtu ana hoja, lakini wengi mnaongea kama mtu anaangalia mechi kwa TV.

Mimi hii kitu ilinipata mlangoni pa duka yangu. Nitawaambia vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi. Mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Jambo moja kabla tuanze. Kwa hii story kuna mshukiwa wa mauaji, na kuna jirani yangu wa biashara. Hao wawili ni wa jamii moja na dini moja. Hawajuani. Sitataja ni jamii gani wala dini gani, na ukisoma utaona hauhitaji kujua ndio uelewe.

Haya.

Mimi ni Mkamba, nimezaliwa pande za Makueni, na niko na duka ya printing River Road. Banner, kadi za harusi, risiti, na sanasana programu za mazishi, hizo za picha na wasifu wa marehemu. Naishi Muthangari kwa nyumba ndogo nyuma ya compound ya watu, na kanisa yetu iko huko huko. Mke wangu ni wa kwaya, na kijana wetu anaitwa Mumo.

Duka yangu imegawanywa na ya jirani kwa ukuta wa mbao. Yeye huuza karatasi na wino. Karibu kila kitu nimewahi kuprint, karatasi ilitoka kwake. Watu wa hiyo jengo humwita Bwana Karatasi, na nitamwita hivyo.

Bwana Karatasi ni mzee wa heshima zake, mwembamba, sauti ya chini. Redio yangu hucheza nyimbo za kwaya siku nzima, na kwa vile ukuta ni mbao amezisikia miaka hiyo yote mpaka amezishika. Unaweza kumpata anahesabu rim za karatasi huku anaimba wimbo wa Krismasi mwezi wa sita, na sauti imepotea kabisa. Nikimwambia hiyo si dini yake ananiambia nizime redio basi.

Binti yake yuko chuo. Siku hana class alikuwa anakuja kumsaidia dukani.

Sasa, kanisani kwetu kuna mama mmoja, Mama Dennis. Ni Mkikuyu, familia yao imekaa pande za Dagoretti tangu hiyo sehemu ikiwa mashamba. Alifanya kazi wizarani mpaka akastaafu. Ni mjane. Mtoto alikuwa mmoja tu, huyo Dennis.

Dennis alikuwa dereva wa teksi za app. Kijana mcheshi, mrefu, alikuwa anakuja kanisani na gari yake anabeba wazee wa mbali kuwarudisha nyumbani bila kuitisha kitu. Yaani hakuna mtu hapo kanisani hakuwa amebebwa na Dennis.

Siku moja mchana alikuwa Westlands, kwa parking ya nje ya jengo moja la ofisi, anangoja customer. Watu wawili wakakosana. Mmoja aligongwa gari kidogo na mwingine akirudi nyuma, ile ya kukwaruza tu. Maneno yakapanda. Mmoja akarudi kwa gari akatoa kisu.

Dennis hakuwa anajua yeyote kati yao. Alishuka kwa gari yake akaenda kumshika yule wa kisu. Ndiye akadungwa.

Alikufa hospitalini kabla mamake afike.

Mshukiwa alishikwa hapo hapo. Askari wa jengo walimfungia njia, polisi wakaja. Watu wengi waliona. Kwa hivyo hii haikuwa kesi ya kutafuta nani alifanya nini.

Jioni hiyo kuna chombo kimoja cha habari cha mtandaoni, sitakitaja, kikaweka story. Headline ilikuwa hivi: "Kijana wa jamii fulani, muumini wa dini fulani, amuua dereva Westlands." Hizo "fulani" nimeweka mimi. Wao walitaja zote mbili, tena mwanzo kabisa, kabla hata ya kusema mtu amekufa.

Jina la mshukiwa halikuwepo. Jina la Dennis lilikuwa huko chini, na waliliandika vibaya.

Nisimame hapo kidogo. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na jamaa alishikwa kwa wizi wa kuvunja duka usiku. Nilisoma jina lake nikajua huyu ni wa kwetu kabisa, Mkamba kama mimi, na kwa lile jina la kwanza bila shaka alibatizwa. Unajua headline ilisema nini? "Mwanaume akamatwa." Mwanaume tu. Hakuna mtu alikuja kuniuliza mbona sisi tunavunja maduka.

Turudi.

Ile link ilizunguka. Iliingia kwa group ya kanisa, group ya wapangaji wa plot, group ya wazazi wa shule. Kila mahali inaingia, maneno ni "hawa watu." Hawa watu wako hivi. Hawa watu tuliwaambia. Mpaka unashangaa, kwani ni wangapi walikuwa wameshika hicho kisu?

Dukani mambo yakaanza kubadilika polepole. Customers wa Bwana Karatasi walipungua. Wengine walikuwa wanapita mlango wake wanakuja kwangu kuniuliza kama nauza karatasi. Nikiwaambia ya kwangu inatoka hapo next door, wanasema watarudi.

Halafu mtu akapiga picha ya duka yake akaiweka mtandaoni, akaandika huyu ni ami yake muuaji.

Nilimwonyesha hiyo picha. Aliiangalia muda mrefu, akaniuliza swali moja. "Baba Mumo, hapa wameandika nimefanya nini?"

Niliisoma tena. Hawakuwa wameandika amefanya chochote.

Nilimwambia afunge duka siku mbili tatu, akae nyumbani. Akasema akifunga watasema amekimbia, na mtu hukimbia akiwa na makosa. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya counter, anapanga kalamu ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Siku ya tatu au ya nne hivi, Mama Dennis akanipigia simu. Alitaka nimfanyie programu ya mazishi. Nilimwambia nitampelekea proof, ile nakala ya kukagua, nyumbani, asijisumbue kuja town. Akakataa. Alisema anataka kuona kila herufi ikiwa sawa kabla ichapishwe, kwa sababu jina la mwanawe lilikuwa limeshaharibiwa mara moja.

Alikuja kesho yake asubuhi akiwa na dada yake. Amevaa koti nyeusi, kichwa amefunga kitambaa. Nikampa kiti. Akatoa miwani akaanza kusoma proof, kidole kinafuata mstari.

Kwa ukurasa wa wasifu nilikuwa nimeandika, "Aliaga dunia baada ya kushambuliwa." Akaniambia nirekebishe. Niweke, "Alikufa akimzuia mtu kumdhuru mwingine." Akasema huo ndio ukweli wote na haupungui kitu.

Nilikuwa kwa computer narekebisha hiyo sentensi ndio nikasikia kelele nje.

Nilitoka mlangoni. Kulikuwa na vijana kama kumi na kitu, na wengine walikuwa bado wanajaa kutoka upande wa stage ya matatu. Wamesimama mbele ya duka ya Bwana Karatasi. Baadhi walikuwa na mawe mkononi. Wanamwambia afunge aende kwao. Wanaimba jina la Dennis.

Wengine niliwatambua. Walikuwa madereva wenzake, na wawili ni vijana wa kanisa yetu. Kulikuwa pia na mwandishi wa habari, kijana mwenye microphone, na mwenzake wa kamera. Baadaye nilikuja kujua hao vijana ndio walimpigia aje ashuhudie.

Bwana Karatasi alikuwa amesimama mlangoni pake. Alikuwa amemficha binti yake nyuma ya mgongo.

Nilienda nikasimama kando yake. Sijui nilifikiria nini. Kijana mmoja akaniambia, "Wewe fundi toka hapo, haikuhusu."

Wenye maduka upande wa pili walikuwa wameanza kushusha shutters. Mwenye amewahi fanya biashara River Road anajua hiyo sauti ya shutters zikishuka moja baada ya nyingine mchana. Ukiisikia unajua kitu mbaya iko njiani.

Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Nipisheni."

Ilikuwa Mama Dennis.

Hakuwa ameongea kwa nguvu. Lakini wale vijana wa kanisa walimwona, na wakanyamaza, na wale wa nyuma wakauliza kuna nini, wakaambiwa huyo ndiye mathe wa Deno. Kelele ikashuka kutoka mbele kwenda nyuma, kama maji yanapungua kwa beseni.

Yule mwandishi alichangamka. Kwake ilikuwa bahati. Akamkimbilia na microphone, akasema, "Mama, pole, kama mzazi aliyempoteza mtoto mkononi mwa mtu wa jamii hii, una ujumbe gani kwa jamii yao?"

Mama Dennis akamwangalia. Akamuuliza, "Aliyemuua mwanangu anaitwa nani?"

Mwandishi akasema, "Si ni huyo mshukiwa wa—" na akataja jamii.

"Nimekuuliza anaitwa nani. Jina lake."

Kijana akaangalia mwenzake wa kamera. Mwenzake akaangalia chini.

"Haujui," Mama Dennis akasema. "Mimi najua. Nilienda kortini siku alipofikishwa mara ya kwanza. Nilikaa kiti cha pili kutoka mbele ndio nimsikie vizuri." Na akalitaja. Majina matatu, pole pole. Kesi bado inaendelea kwa hivyo sitaliandika hapa.

Halafu akageukia wale vijana. Wakuu, haya maneno nayakumbuka vizuri kwa sababu nimeyarudia kwa kichwa mara nyingi sana.

Alisema, "Hii damu ni ya mtu mmoja kubeba. Mkianza kuigawa, huyu apewe kidogo, yule apewe kidogo, mpaka huyu mzee wa karatasi apewe yake, yule aliyefanya atabaki na kidogo sana. Mimi sitaki abaki na kidogo. Nataka abebe yote, peke yake."

Akasogea hatua moja karibu nao.

"Nyinyi mnafikiri mnanisaidia," akasema. "Mnampunguzia mzigo."

Nataka mnielewe. Huyu mama hakuwa amekuja kusamehe. Wengi wakisikia hii story huwa wanadhani nitasema alisema amesamehe, wote tukalia tukaimba. Hapana. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na niliona uso wake. Alikuwa na hasira kuliko hao vijana wote ukiwaweka pamoja. Tofauti ni kwamba yake alikuwa ameishika vizuri, anajua inaelekea kwa nani, na hakutaka hata tone moja limwagike pembeni.

Mimi nimekuwa kwa mikutano ya siasa, nimesikia wahubiri wa kila aina. Sijawahi kuona mtu anabeba kitu kizito namna hiyo bila kumwaga.

Akamwona mmoja wa wale vijana wa kanisa. Akamwita kwa jina. "Brayo. Wewe ni kati ya wale watabeba jeneza?"

"Ndio, Mama."

"Utalibeba na mkono gani?"

Brayo alikuwa na jiwe mkono wa kulia. Aliinama akaliweka chini kando ya mtaro, taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Alipoinuka alikuwa analia. Wengine wakaanza kuachilia ya kwao. Hakuna mtu aliwaambia waende, lakini walianza kwenda, mmoja mmoja.

Mama Dennis hakuwangoja waishe. Aligeuka akaingia kwa duka ya Bwana Karatasi, akauliza kama anaweza kukaa kidogo kwa sababu miguu imechoka.

Binti alikimbia kumletea kiti na maji.

Bwana Karatasi alisimama mbele yake, ameshikanisha mikono. Nilimwona anatafuta maneno. Mwishowe alisema tu, "Mama, pole sana kwa mtoto wako."

Akamjibu, "Asante. Leo wewe ndiye wa kwanza kuniambia pole na ukaishia hapo."

Ni kweli, wakuu. Umati wote ule ulikuja kwa jina la Dennis, wanaimba Dennis, na hakuna mmoja alikuwa amemwambia mamake pole. Yule mwandishi alisema pole kama mtu anabonyeza kengele ya mlango ndio afunguliwe.

Bwana Karatasi aliketi kwenye box ya wino akafunika uso. Walikaa hivyo wawili, na dada yake Mama Dennis amesimama mlangoni. Nilirudi kwangu. Kuna vitu mtu hafai kukaa hapo anaangalia.

Programu tulichapisha siku hiyo hiyo. Karatasi zake Mama Dennis alichagua mwenyewe kwa Bwana Karatasi, alizigusa gusa mpaka akapata yenye alitaka, nzito, ya rangi ya maziwa.

Sasa mtaniuliza iliishaje.

Ile video ya kamera haikuwahi kutoka. Nilipatana na yule mwandishi kitambo baadaye, akaniambia alipeleka ofisini, mkubwa wake akasema hakuna story hapo kwa sababu hakuna kitu kilichomwa. Nilimuuliza na yeye alionaje. Akasema tangu siku hiyo akienda kuandika habari ya uhalifu huanza kwa kutafuta jina.

Ile headline bado iko mtandaoni. Ukitafuta utaipata.

Binti wa Bwana Karatasi aliacha kuja dukani. Babake anasema ni masomo. Mimi siulizi zaidi.

Lakini kitu kilinishangaza zaidi kilitokea kortini.

Siku ya kusikiza maombi ya bond, yaani dhamana, nilimsindikiza Mama Dennis, pamoja na mke wangu. Wakili wa mshukiwa akasimama. Na alikuwa ameprint nini? Ile headline. Pamoja na comments za watu, na picha ya duka ya Bwana Karatasi, na maneno ya "hawa watu." Akamwambia jaji mteja wake anahukumiwa kwa sababu ya kabila na dini yake, kwamba kuna chuki dhidi ya jamii nzima, na kwamba hii kesi si ya parking tena.

Na alikuwa na ushahidi. Karatasi zilikuwa nyingi. Mtu wa kisu alikuwa anageuka kuwa mtu wa kuonewa huruma, mbele yetu, na waliomsaidia ni wale wote waliokuwa wanaforward wakisema wanamtetea Dennis.

Kiongozi wa mashtaka akaomba familia ya marehemu isikizwe. Mama Dennis akasimama.

Alisema, "Mheshimiwa, hayo maneno si yangu. Mimi sijawahi kutaja kabila ya huyu mtu, wala dini yake. Siku watu walienda kumvamia mtu wa jamii yake kwa jina la mwanangu, mimi ndiye niliwazuia. Mimi nimekuja kwa sababu ya kisu."

Akaketi.

Jaji aliandika kwa muda. Kisha akauliza wakili kama ana jambo lolote kuhusu kisu. Wakili akasema atalijibu kesi ikianza kusikizwa.

Bond ilikataliwa. Sababu ilikuwa kwamba mashahidi wengi wanafanya kazi hapo hapo Westlands na anaweza kuwafikia. Sitadanganya niseme ilikuwa ni kwa maneno ya Mama Dennis. Lakini niliona vile korti ilibadilika akishaongea. Wale jamaa wa mshukiwa walikuwa wamekaa upande wa pili, wameinamisha vichwa. Tukitoka nje kwa corridor, mama mmoja wa upande wao alimpita Mama Dennis, akasimama, akainama kidogo, akaenda. Mama Dennis naye akaitikia kwa kichwa.

Kesi inaendelea. Huwa anaenda kila ikitajwa, anakaa kile kiti cha pili.

Sasa somo langu, na mko huru kunipinga.

Mimi sisemi kabila na dini zisitajwe kamwe. Kama mtu ameua kwa sababu ya dini, au watu wamefukuzwa mahali kwa sababu ya kabila yao, hiyo ndiyo habari yenyewe na ukiificha unadanganya. Lakini kama mtu ametoa kisu kwa sababu gari imekwaruzwa, dini yake imeingia wapi? Kabila yake ilikuwa imeketi kiti cha nyuma?

Nilikuwa nafikiri ubaya wa kutaja ni kwamba unaumiza wasio na hatia. Na ni kweli, nilimwona Bwana Karatasi. Kile sikuwa nimewahi kufikiria mpaka huyo mama anifungue macho ni kwamba pia inamfaa mwenye hatia. Inampa mahali pa kujificha. Anatoka kuwa mtu, anakuwa jamii, na jamii hakuna jela ya kuitosha.

Na marehemu naye anapotea. Watu wamenisimulia hii kesi mpaka town, wanakumbuka kabila ya mshukiwa vizuri sana. Nikiwauliza aliyeuawa alikuwa nani, wananiangalia tu.

Basi karibuni, mwaga maoni. Wenye mnafanya kazi ya habari pia semeni, hizo headline huwa zinaamuliwa vipi na nani? Matusi sitajibu.

Ila mtu akianza mchango wake, naomba aanze na huyu: aliitwa Dennis, na alishuka kwa gari yake kwenda kumzuia mtu asimdhuru mwingine.